Walinzi wa Ngozi Yetu

Tazama ngozi ya mkono wako. Pengine wadhani kwamba ni mfuko tu, unaofunika nyama na mifupa. Sivyo. Ngozi ni ukuta wa boma, na ndani ya ukuta huo Mwenyezi Mungu ameweka walinzi wasiolala mchana wala usiku. Ngozi yote ya mtu mzima ikitandazwa chini, itakaribia mita 2 za mraba. Huo ni ukuta mkubwa wa kulinda!

Walinzi hao ni nani? Ni chembe hai ndogo sana, ziitwazo seli. Jicho peke yake haliwezi kuziona, mpaka kutumia hadubini. Mwaka 1868 kijana Mjerumani, jina lake Paul Langerhans, alikuwa akijifunza uganga mjini Berlin. Alitia kipande cha ngozi katika dawa yenye dhahabu, kisha akakitazama. Akaona seli zenye matawi kama mti. Yeye alidhani ni seli za mishipa ya fahamu. Ilipita miaka mia na zaidi kabla wataalamu hawajatambua kwamba ni za ulinzi. Hata leo zaitwa seli za Langerhans.

Kumbuka mitego ya Wagenia katika maporomoko ya mto hapa Kisangani. Vikapu vyao vikubwa vyafungwa kwenye miti, midomo wazi, vikingoja samaki. Seli za Langerhans zafanya vivyo hivyo. Zanyosha matawi yao katikati ya seli nyingine, na kunasa kijidudu kipitacho.

Sasa mtoto wa Mangobo anacheza mpira barabarani. Anaanguka, goti linachubuka. Ukuta umetoboka, na vijidudu vya udongo vinaingia. Mara kazi inaanza. Kwanza, seli fulani zinatoa maji yanayopanua mishipa ya damu. Kwa hiyo goti linavimba na kupata moto. Pili, seli nyingine, ambazo tutaziita walaji, zinameza vijidudu. Nyingi zinakufa vitani, na hizo zilizokufa ndizo usaha. Tatu, seli za Langerhans zinapeleka habari za adui mpaka kwenye tezi. Je, hujapata kuona mtoki kinenani, mguu ukiwa na kidonda? Hapo ndipo askari wapya wanapofundishwa kumjua adui. Wakiisha kufundishwa, wanakwenda kidondani kuwasaidia walaji. Baadhi yao wanabaki ngozini miaka mingi, ili adui yule yule akirudi wamtambue upesi.

Lakini yuko adui mmoja mwenye hila, naye ni kijidudu cha ukoma. Mganga wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, alikigundua mwaka 1873. Kijidudu hiki hutoka puani na mdomoni mwa mgonjwa asiyetibiwa, na huwapata hasa wale wanaokaa naye karibu siku nyingi. Mlaji akikimeza, hakifi upesi. Chakaa ndani ya tumbo la mlaji kama mwizi aliyejificha katika nyumba ya polisi! Mlaji hawezi kukiua mpaka askari waje kumtia nguvu.

Kwa watu wengi sana askari wanakuja na kushinda, nao hawaugui kamwe. Kwa wengine askari wanapigana kwa bidii, lakini hawashindi kabisa. Mgonjwa wa namna hiyo anapata mabaka machache. Kwa wengine tena askari ni dhaifu mbele ya adui huyu. Vijidudu vyaongezeka, na mabaka au vinundu vyaenea mwilini. Ugonjwa ni mmoja; ulinzi ndio unaotofautiana. Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba ukoma ni laana au uchawi.

Tena vita vyenyewe vyaweza kuleta hasara. Askari wakipigana ndani ya mishipa ya fahamu, mishipa inaharibika pamoja na adui. Ndipo mkono hausikii moto wala mwiba. Mtu anaungua asijue, na vidonda vinaharibu vidole.

Mwaka 1873, mwaka ule ule wa Hansen, Padri Damiano wa Ubelgiji alikwenda kisiwa cha Molokai kuwatunza wagonjwa wa ukoma. Wakati ule dawa ya kuuponya haikuwapo. Yeye mwenyewe aliugua, akafa mwaka 1889. Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2009. Hapa kwetu, mganga Mwingereza Stanley Browne alifika Yakusu, chini ya mto kutoka Kisangani, mwaka 1936. Alifanya kazi huko miaka mingi, akawatibu wagonjwa wa ukoma kwa dawa iitwayo dapsoni.

Siku hizi dawa tatu hutolewa pamoja, bila malipo. Mwenye mabaka machache huzimeza miezi 6; mwenye mengi, miezi 12. Akiisha kuanza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Aweza kula pamoja na wenzake na kusoma darasani. Chanjo ya BCG nayo, inayotiwa katika ngozi ya mtoto mchanga kwa ajili ya kifua kikuu, inawafundisha askari, na kupunguza hatari ya ukoma pia.

Ukoma haujaisha katika nchi yetu ya Kongo. Basi, watoto, fanyeni hivi. Osheni kila kidonda kwa maji safi na sabuni. Mkioga, tazameni ngozi yenu. Ukiona baka lililofifia rangi, ligusie pamba, macho ukiwa umefumba. Usiposikia kitu, mwambie mama au baba, mwende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usifiche kwa haya. Na mwenzako akiwa nalo, usimkimbie, bali mpeleke. Bwana wetu Yesu Kristo hakuogopa kumgusa mwenye ukoma.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali
1. Seli za Langerhans zafanana namna gani na mitego ya Wagenia?
2. Kwa nini mtoki huvimba mguu ukiwa na kidonda?
3. Kwa nini wagonjwa wa ukoma hawafanani wote?
4. Utafanya nini ukiona baka lisilosikia?