Ukarimu Una Pande Mbili



Mwaka 622 Muhajirina walipofika Madina wameacha mali zao Makka, Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha udugu na Ansari. Saad bin Rabii, mmoja wa matajiri wa Ansari, alimtaka nduguye Abdurrahman bin Auf wagawane mali yake nusu kwa nusu. Abdurrahman akamwombea baraka, wala hakuichukua. Aliomba aonyeshwe soko tu. Akaanza biashara ya samli na jibini, akajitegemea.

Twaona hapa kwamba ukarimu una pande mbili: Saad hakuzuia, na Abdurrahman hakuutumia vibaya wema wa nduguye. Sura ya Al-Hashri, aya ya 9, yawasifu Ansari hao kwa kuwatanguliza wenzao, nayo yatufunza kwamba mwenye kuepushwa na choyo cha nafsi ndiye mwenye kufaulu.

Choyo hicho chaweza kumpata yeyote. Amficha mkewe posho mume mwenye choyo. Na ana choyo vilevile mwenye nguvu akopaye kwa nduguye bila ya nia ya kulipa. Basi tutoapo tusisimbulie, na tupewapo tusizidishe haja.

Mwenyezi Mungu atutakase nyoyo zetu. Amin.