Gari la rimoti lenye kutu: Kazi ya mikono inayowakalisha mzazi na mtoto meza moja

Gari la kuchezea la rimoti, likinunuliwa likiwa zima dukani, mara nyingi halidumu. Gia za plastiki husagika, waya hukatika, na kabla ya muhula wa shule kwisha gari liko chini ya kitanda pamoja na viatu visivyomtosha mtu.

Mtoto huambiwa kwamba hatunzi vitu. Lakini mara nyingi hakuna aliyemwonyesha ndani ya gari hilo kuna nini, na hata angetaka kulitengeneza, limeundwa lisifunguliwe.

Lipo gari la aina nyingine. Hili huundwa kwa mkono, boliti kwa boliti, kisha hupakwa rangi na kuzeeshwa mpaka lionekane kama Land Rover iliyokaa miaka 30 kwenye barabara ya vumbi. Linapanda mawe, linavuka mtaro, na likiharibika, aliyeliunda ndiye fundi wake.

Kazi hiyo huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Kwa familia inayotafuta jambo la kufanya pamoja mbali na skrini ya simu, faida iko kwenye urefu huo wa muda. Na hapo hapo ndipo wazazi wengi huiharibu.

Gari dogo, mambo ya gari kubwa

Magari haya si ya mashindano ya kasi. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea, na ushindi ni kupanda jiwe lililoshindikana jana.

Mengi huundwa kwa skeli ya 1:10, yaani kila sentimita 10 za gari halisi huwa sentimita moja. Ndani yake kuna karibu kila kitu anachokijua fundi wa gereji: chasisi, ekseli ya mbele na ya nyuma, difu, giaboksi, propela, springi na shokapu. Badala ya injini kuna mota ya umeme, na kazi ya kugeuza matairi ya mbele hufanywa na mota nyingine ndogo iitwayo sevo.

Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ni miongoni mwa walioifungua njia hii. Mwaka 1981 ilitoa pikapu ya Toyota Hilux ya skeli ya 1:10, yenye springi za bapa na giaboksi ya gia tatu. Mwaka 1985 ikafuata na nyingine iitwayo Bruiser. Leo kampuni kadhaa hutengeneza chasisi za namna hii, pamoja na bodi za Land Rover, Toyota na magari mengine ya porini.

Wazo lenyewe si geni Afrika Mashariki. Kabla ya rimoti, watoto wamekuwa wakiunda magari ya waya na makopo, matairi yakiwa ya kandambili zilizokatika, usukani ukiwa wa waya mrefu unaofika kiunoni. Mzazi aliyewahi kusukuma gari la hivyo utotoni anaijua kazi hii kuliko anavyodhani.

Hesabu ya kumi

Somo la kwanza huja kabla ya kushika bisibisi. Namba 110 katika jina la Land Rover 110 inatokana na inchi 110, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Hizo ni karibu sentimita 279. Kwa skeli ya 1:10, zinakuwa sentimita 27.9. Dereva mwenye kimo cha sentimita 170 atakuwa na sentimita 17, na asipopimwa vizuri atagonga paa.

Kisha lije swali gumu kidogo. Dumu la chuma la lita 20 linalofungwa nyuma ya gari, likipunguzwa kwa skeli hiyo, litabeba kiasi gani? Watoto wengi, na wazazi pia, watajibu lita mbili. Jibu ni mililita 20, sawa na vijiko vinne vya chai. Urefu umegawanywa kwa 10, upana kwa 10 na kimo kwa 10, kwa hiyo ujazo umegawanywa kwa 1,000.

Hesabu hiyo mtoto anaweza kuihakikisha jikoni kwa kijiko na maji.

Chasisi kwanza, bodi baadaye

Anayeanza ni vyema atafute chasisi inayouzwa vipande vipande ikiwa na maelekezo. Skrubu zake huweza kuzidi 100 na urefu hutofautiana kwa milimita chache, kwa hiyo trei la mayai linafaa sana: kila shimo aina yake. Skrubu ndefu ikiingia pahali pa fupi, hutoboa plastiki au kugusa gia.

Boliti inayoingia kwenye chuma hupakwa tone la gundi ya kufungia boliti ili mtikisiko usiilegeze. Inayoingia kwenye plastiki haipakwi, kwa sababu gundi hiyo huweza kuipasua plastiki. Gia hupakwa grisi kidogo tu.

Mota ya gari la kupanda mawe huwa na waya uliozungushwa mara nyingi, kwa kawaida mizunguko 35 hadi 55. Mizunguko ikiongezeka, kasi hupungua lakini gari linatii vizuri likienda polepole. Difu nazo mara nyingi hufungwa, ili matairi mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja hata moja likiwa hewani.

Bodi ikitakiwa kuundwa nyumbani, kazi huanza na karatasi ngumu ya boksi. Mlango, boneti na paa hukatwa kwa karatasi, huunganishwa kwa selotepu na kuwekwa juu ya chasisi. Kosa likionekana hapo halina hasara. Vipimo vikikubali ndipo plastiki ya bapa hukatwa, huunganishwa kwa gundi na kulainishwa kwa msasa.

Uzito ukae chini. Gari lenye keria iliyojaa mizigo hupendeza kwenye picha, lakini likipanda jiwe hupinduka. Wanaotaka kuongeza uzito karibu na ekseli watumie nati za chuma, si risasi zinazotumika kubalansi tairi, kwa maana risasi ni sumu na haifai mikononi mwa mtoto.

Bisibisi iko mkononi mwa nani?

Kazi huanza ikiwa ya mtoto. Siku ya tatu skrubu moja inapinda, mzazi anasema "hebu lete", na kuanzia hapo mtoto anashika tochi. Gari likimalizika ni zuri, lakini ni la baba au la mama. Mtoto ameshajifunza kwamba kazi nzuri hufanywa na mwingine.

Dawa ni kugawa kazi kabla ya kuanza. Mtoto wa miaka mitano hadi saba anaweza kupanga skrubu, kuchekecha vumbi la kupaka na kuchagua mizigo ya keria. Wa miaka minane hadi 11 anaweza kufunga ekseli na shokapu kwa bisibisi sahihi. Kuanzia miaka 12, mzazi akiwa kando, anaweza kujifunza kukata kwa kisu na kuunga waya kwa risasi, madirisha yakiwa wazi na mikono ikinawiwa baada ya kazi.

Na hapa gari lililozeeshwa lina wema wake. Gari jipya linalong'aa hufichua kila kosa la mkono wa mtoto. Gari kuukuu linasamehe. Mlango uliokaa upande, boneti yenye bonde, rangi iliyochuruzika, vyote vinaweza kuwa sehemu ya maisha ya gari hilo. Mzazi asiyeweza kuvumilia mlango uliopinda kwenye gari la aina hii, ajiulize anataka mlango unyooke kwa ajili ya nani.

Kutu haikai popote

Kuzeesha ndiyo sehemu inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayohitaji macho zaidi ya rangi. Kabla ya kupaka, mtoto aende na mzazi akatazame gari kuukuu mtaani au gereji, apige picha na kuuliza: kutu imeanzia wapi? Rangi imelika wapi? Vumbi limekaa wapi?

Majibu yana sababu. Kutu huanza pale maji yanapotuama: chini ya milango, pembeni mwa madigadi, kwenye bawaba. Rangi hulika pale mkono na kiatu hugusa kila siku: kwenye kitasa, kizingiti cha mlango na ukingo wa kebini ya nyuma. Moshi huacha weusi karibu na ekzosi, si kwenye paa.

Aina ya gari nayo ina neno lake. Land Rover ilipoanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma baada ya Vita Kuu ya Pili, hivyo sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa alumini. Alumini haipati kutu nyekundu. Rangi ikibanduka kwenye madigadi ya Land Rover, huonekana kijivu cha bati, na wekundu hubaki kwa chasisi, bampa na rimu. Bodi ya Land Cruiser ni ya chuma, na hiyo hushika kutu. Anayepaka kutu bila kulijua hilo ataunda gari ambalo fundi bodi yeyote atalicheka.

Njia moja ya kupata rangi iliyobanduka hutumia spreya ya nywele. Bodi hupakwa praima, kisha rangi ya kahawia ya kutu, kisha vanishi. Ikikauka, hupuliziwa spreya ya nywele, na juu yake rangi ya gari inayochanganywa na maji. Rangi hiyo ikishakauka, mtoto huilowesha kwa brashi yenye maji na kusugua taratibu. Spreya iliyo chini huyeyuka, rangi ya juu hubanduka vipande vipande, na kutu huchungulia.

Mikwaruzo midogo hupatikana kwa kipande cha sponji ya kuoshea vyombo: hugusishwa rangi, hukaushwa kwenye karatasi hadi karibu kuisha, kisha huguswa ukingoni mwa mlango. Vumbi linaweza kuwa vumbi kweli. Udongo mwekundu uliokaushwa na kuchekechwa kwa soksi nyepesi hupakwa kwa brashi laini, kisha hushikizwa kwa vanishi isiyong'aa. Mkaa uliosagwa unatosha kwa moshi wa ekzosi.

Kupulizia rangi kufanyike nje, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa kwa barakoa ya kazi hiyo. Na kila tabaka liachwe likauke. Haraka ndiyo inayoharibu bodi nyingi.

Betri si mchezo

Hapa mzazi hapaswi kumwachia mtoto hata kidogo. Betri za lipo ni nyepesi na zina nguvu, lakini zikipondwa, zikitobolewa au zikichajiwa vibaya zinaweza kuwaka moto.

Kila seli yake ina volti 3.7 za kawaida na haipaswi kuzidi 4.2 ikijaa, wala kushuka chini ya 3. Huchajiwa kwa chaja yake maalumu inayosawazisha seli, juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na pazia na godoro, mtu mzima akiwepo. Isichajiwe usiku watu wamelala. Ikivimba, kazi yake imekwisha: isichajiwe tena wala isitobolewe.

Kwa gari la kwanza, betri ya NiMH ya volti 7.2 ni chaguo salama zaidi. Ni nzito na nguvu yake ni ya kiasi, lakini inamvumilia anayejifunza.

Si lazima kununua vyote

Gharama huwatisha wengi, na ni kweli kwamba chasisi, rimoti, betri na chaja si vitu vya bei ya pipi. Lakini havihitajiki siku moja. Familia inaweza kuanza na bodi ya plastiki au bati juu ya gari la kusukuma, ikanunua chasisi baadaye.

Vitu vingi vya urembo viko nyumbani. Printa mbovu ina gia na vyuma vyembamba vilivyonyooka. Kipande cha turubai hufunika mizigo, uzi wa katani huwa kamba ya kuvutia gari, na mfuko wa mchele ukikatwa vizuri huwa magunia ya kupakia nyuma.

Gari la nani?

Swali la mwisho ndilo la kwanza kuulizwa: liundwe gari gani? Jibu rahisi ni gari la kwenye picha. Jibu lenye thamani zaidi huenda liko ndani ya ukoo.

Familia nyingi zina gari ambalo halijasahaulika: Land Rover ya babu iliyobeba kahawa, pikapu iliyouzwa ili ada ilipwe, gari la kazi lililowapeleka wagonjwa hospitali wakati kijiji kizima hakikuwa na jingine. Mtoto akitaka kuliunda atalazimika kuuliza. Lilikuwa rangi gani? Mlango upi haukufungwa mpaka upigwe? Bonde lile la upande wa kushoto lilitokana na nini?

Babu au bibi atajibu, na atajibu zaidi ya alichoulizwa. Yatakayosemwa hapo huenda hayajawahi kusemwa mbele ya wajukuu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza.

Kwa anayetaka kuanza wikendi hii, hahitaji duka. Karatasi ya boksi, rula, penseli na picha moja ya gari vinatosha. Mtoto apime, mtoto akate, na mlango ukipinda uachwe hivyo hivyo mpaka yeye mwenyewe aseme anataka kuurudia.