Kuhesabu Mapigo ya Nyota

Huenda msomaji akauliza: wakati wa mapigo ya pulsa hupimwaje? Pulsa ni kiini cha nyota iliyolipuka, kinachozunguka kwa kasi na kutuletea mawimbi ya redio pigo baada ya pigo. Darubini ya redio huyapokea. Mengi hujumlishwa ili lipatikane umbo lililo wazi, na saa ya atomiki huainisha wakati wa kufika. Kisha, kwa kuwa Ardhi hulizunguka Jua na pigo huweza kuwahi au kuchelewa hadi dakika 8 hivi, wakati huo husahihishwa kana kwamba umepimwa kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua.

Tutazame hatari ya kulegea hapo. Mwaka 1991 Andrew Lyne na wenzake wa Jodrell Bank, Uingereza, walitangaza kuwa pulsa fulani ina sayari inayoizunguka kwa miezi sita. Kumbe mahali pa pulsa palikosewa kidogo, na njia ya Ardhi ilihesabiwa kama duara kamili. Januari 1992 Lyne alikiri kosa hadharani, na wanafalaki wakasimama kumpigia makofi. Mkutanoni hapo hapo Aleksander Wolszczan alieleza sayari za pulsa nyingine, nazo zimethibiti hadi leo. Hivyo tunaona kuwa kurejea kwenye usahihi hakumshushi mwanachuoni, bali huilinda elimu.