Siri ya Mwanafunzi ni Amana, Isiwe Pazia la Dhuluma

Likizo ya Desemba inapokaribia, mwalimu wa Musoma, Bunda au Butiama huenda akajiwa na mwanafunzi mwenye hofu, akaambiwa: "Nyumbani wanataka kunikeketa. Tafadhali, usimwambie mtu." Afanyeje? Akinyamaza, mtoto ataumizwa. Akitangaza, mtoto atafedheheka, na wenzake hawatathubutu tena kusema.

Dini yetu imehimiza kusitiriana, na Surat al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Lakini sitara ni ya kulinda heshima ya mja, haikuwekwa ili kumficha dhalimu. Kumnusuru anayedhulumiwa ni wajibu.

Sheria za nchi nazo zina pande hizo mbili. Tangu mwaka 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeziweka habari za watoto na za afya miongoni mwa taarifa nyeti.

Basi mizani i wapi? Imo katika kujua nani aambiwe, na aambiwe kiasi gani. Mwalimu asimwahidi mtoto kunyamaza; amwahidi kwamba jambo lake halitasambazwa. Kisha habari ifike kwa mkuu wa shule, ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Hao waelezwe jina, umri, makazi na hatari iliyopo. Alama za mitihani, maradhi ya zamani na utoro wa mwaka juzi havihusiki. Askari akiomba jalada zima la mwanafunzi, aulizwe kwa adabu ni kwa shauri gani, na kila kinachotolewa kiandikwe.

Hata msaada una siri yake. Huko Kiabakari, wilayani Butiama, ipo nyumba salama inayowapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Habari za aliyekimbilia huko zikiwafikia wanaomtafuta, hifadhi hugeuka mtego. Kwa hiyo jina lake lisitajwe mstarini asubuhi, wala katika makundi ya simu ya wazazi.

Nasi wazazi tusiinunie shule iliyotoa taarifa polisi. Anayeiaibisha nyumba si mtoto aliyesema wala mwalimu aliyemsikiliza, bali ni yule aliyenoa kisu. Tuzungumze na binti zetu kabla shule hazijafungwa, ili wa kwanza kukimbiliwa na mtoto awe mzazi wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza amana zetu. Amin.