Kutetemeka si uzee tu: Utafiti wa Hai wafichua wagonjwa wa Parkinson waliosahaulika

MKONO wa mzee unapoanza kutetemeka huko Katubuka, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, majirani hawakosi jibu: ama umri umekwenda, ama kuna mkono wa mtu. Jibu la tatu, ambalo ndilo lenye dawa, mara nyingi huchelewa kufika.

Ugonjwa wa Parkinson, ulioelezwa mwaka 1817 na daktari Mwingereza James Parkinson, hutokana na kufa kwa chembe hai za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayoratibu mwendo wa viungo. Mgonjwa hutetemeka, misuli hukakamaa, hatua hufupika na sauti hufifia.

Hali halisi nchini ilidhihirika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Watafiti, wakiwamo Dk. Catherine Dotchin na Profesa Richard Walker kutoka Uingereza, walishirikiana na wataalamu wa Tanzania kupita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071. Walibaini wagonjwa 33. Idadi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya Ulaya, lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalibeba jambo zito zaidi: asilimia 78 ya wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kugunduliwa.

Baadaye wagonjwa wa Hai walifuatiliwa kwa miaka mitatu wakitumia levodopa pamoja na karbidopa. Levodopa hugeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo. Haiponyi, wala haizuii chembe hai kuendelea kufa, bali humrudishia mgonjwa uwezo wa kujilisha, kuvaa na kutembea. Kwa familia, tofauti hiyo si ndogo.

Cha ajabu, levodopa imo pia katika mbegu za upupu, mmea uleule unaoogopwa kwa muwasho wake. Mwaka 2017 jaribio lililofanyika Bolivia lilionyesha kuwa unga wa mbegu hizo uliwapunguzia wagonjwa dalili. Hata hivyo, kiasi cha levodopa hutofautiana baina ya mbegu na mbegu, na unga huo unaweza kusababisha kichefuchefu na kutapika. Si dawa ya kujipimia nyumbani.

Mwaka huo wa 2023 uliofuata baadaye, utafiti uliohusisha wagonjwa wengi wa Nigeria uligundua badiliko katika jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika. Badiliko hilo halikuwa limeonekana katika tafiti za Wazungu, ambao kwa miaka mingi ndio waliochunguzwa zaidi.

Wakati maabara zikiendelea, utambuzi bado hutegemea jicho la daktari. Mkono wa mgonjwa wa Parkinson kwa kawaida hutetemeka ukiwa umetulia mapajani, na hupungua anaponyanyua kikombe. Daktari humtazama akitembea, akigeuka na kugonganisha vidole. Uchunguzi huo hauhitaji mashine.