Mbarika: Jina, Upandaji na Tahadhari Katika Mtaa wa Kayole

Mbarika, uitwao pia mbono au mnyonyo, ni mti wenye asili ya Afrika Mashariki. Jina lake la kisayansi, Ricinus communis, lilitolewa na Carl Linnaeus mwaka 1753. Ricinus ni neno la Kilatini lenye maana ya kupe. Atazamaye mbegu zake zenye mabakabaka hutambua sababu mara moja. Wagikuyu huuita mwariki, nao walitumia mafuta yake kupaka ngozi na katika matambiko.

Mti huu una faida mbili. Kwanza, ni pambo: majani yake mapana hutanuka mithili ya vidole vya mkono, na baadhi ya aina zake zina rangi ya damu ya mzee. Pili, takriban nusu ya uzito wa mbegu ni mafuta, ambayo hutumika katika sabuni, dawa na vilainishi vya mitambo.

Kayole, mashariki mwa Nairobi, haina baridi ya kuua mmea huu, hivyo huweza kuishi miaka kadhaa. Kikwazo ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hutuamisha maji. Mpanzi hana budi kuinua tuta na kuchanganya samadi. Mbegu hulowekwa usiku mmoja, kisha hufukiwa kina cha sentimita 3 hivi mwanzoni mwa mvua za Machi au Oktoba, mahali penye jua tele. Huota baada ya wiki moja hadi tatu.

Hata hivyo, mbegu hizo zina sumu kali iitwayo risini. Sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta. Ndiyo maana mafuta yaliyosafishwa hutumika kama dawa ilhali mashudu yaweza kuua mifugo. Mbegu chache zikitafunwa zaweza kumuua mtoto. Penye watoto, mashada ya maua yakatwe kabla ya matunda kukomaa na kupasuka. Aliyetafuna mbegu apelekwe hospitalini bila kungoja dalili.

Hapa ndipo suala la msamiati linapojitokeza. Mbono kaburi, yaani Jatropha curcas, ulitoka Amerika ya Kati. Nao una mafuta na sumu, lakini sumu yake ni nyingine. Daktari aambiwaye kwamba mtoto amekula "mbono" hajaambiwa ni mti upi. Kamusi zetu hazina budi kuitofautisha miti hii bayana.