Misa ya Sauti Nne Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Mwanakwaya wa parokia akiingia kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la polifonia ya karne ya 16, kitu cha kwanza anachotafuta kwa macho ni kinanda. Hakipo. Hakuna ngoma wala kayamba, na waimbaji wenyewe mara nyingi hawafiki 12. Mwongozaji anainua mkono, sauti moja inaanza "Bwana, utuhurumie" kwa Kigiriki, na kabla haijafika mbali ya pili imeingia na maneno yale yale, kisha ya tatu, kisha ya nne. Sasa kila mmoja yuko kwenye silabi yake. Msikilizaji anangoja kiitikio apate pa kushika. Kiitikio hakiji.

Wengi hutoka hapo wakisema ni muziki mtamu lakini hauna wimbo. Ukweli ni kwamba una nyimbo nyingi mno kwa wakati mmoja. Katika tenzi za kawaida za kanisani, soprano ndio wenye wimbo. Wengine wanawajazia kwa chini. Besi akienda nyumbani akaimba sehemu yake peke yake jikoni, jirani hatatambua anaimba nini. Katika polifonia besi ana wimbo wake kamili, wenye mwanzo, kilele na mwisho, na teno na alto vivyo hivyo. Hakuna anayemsindikiza mwenzake. Wanapokezana, wanaigana, wanapishana, na kazi ya mtunzi ni kuhakikisha kila wanapokutana wanaelewana.

Mfano mzuri wa kuanzia ni Misa ya Sauti Nne ya Mwingereza William Byrd. Haichukui hata nusu saa, vikundi vingi huiimba, na ina kisa.

Byrd alizaliwa yapata mwaka 1540. Kuanzia 1572 alikuwa mwanamuziki wa kanisa la kifalme la Malkia Elizabeth wa Kwanza, na mwaka 1575 Malkia alimpa, pamoja na mtunzi mwenzake Thomas Tallis, haki ya pekee ya kuchapa muziki kwa miaka 21. Kwa maneno mengine, alikuwa mtu wa ikulu. Tatizo ni kwamba alikuwa Mkatoliki katika nchi iliyoupiga marufuku Ukatoliki. Kwa sheria ya 1581, kukwepa ibada za Kanisa la Uingereza kulitozwa faini ya paundi 20 kwa mwezi, fedha ya kumfilisi mtu wa kawaida, na kuhudhuria Misa kuliweza kumweka mtu gerezani mwaka mzima. Mke wa Byrd, Juliana, alikuwa ameshashtakiwa kwa kosa la kukwepa ibada tangu 1577. Byrd mwenyewe alishtakiwa mara kwa mara, na bado hakufukuzwa kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1590 alihamia Stondon Massey, kijiji cha Essex kisicho mbali na Ingatestone Hall, nyumba ya tajiri Mkatoliki Sir John Petre. Yaelekea ni kwa ajili ya nyumba za namna hiyo kwamba alitunga Misa tatu: moja ya sauti nne, moja ya sauti tatu na moja ya sauti tano. Ya sauti tatu inaweza kuimbwa na watu watatu tu. Hesabu hiyo ina maana yake: kwaya kubwa inasikika hadi barabarani, na padre aliyekuwa akisoma Misa hiyo kwa siri alikuwa anahatarisha shingo yake.

Vitabu vya Misa hizo vilichapwa bila ukurasa wa jina, bila mwaka, bila jina la mchapaji. Cha ajabu, jina la Byrd lenyewe limo, juu ya kurasa. Kwa karne nyingi hakuna aliyejua kwa uhakika vilitoka lini, mpaka katika miaka ya 1960 mtafiti Peter Clulow alipochunguza herufi za mapambo zilizochongwa kwenye mbao. Mbao hizo huchakaa na kupata nyufa kadiri zinavyotumika. Akalinganisha nyufa hizo na vitabu vingine vya mchapaji Thomas East ambavyo miaka yake inajulikana, na mpangilio ukajitokeza: ya sauti nne 1592 hadi 1593, ya sauti tatu mwaka uliofuata, ya sauti tano 1594 hadi 1595. Tahadhari ile haikuwa ya bure. Mwaka 1605 Mfaransa mmoja alitiwa mbaroni London kwa kukutwa na vitabu vya mkusanyo mwingine wa Byrd, Gradualia.

Vitabu hivyo vinaeleza pia kwa nini muziki huu unasikika hivyo. Karatasi ya solfa ya kwaya zetu hupanga sauti zote nne moja juu ya nyingine, na teno akipotea hutupa jicho kwa soprano akajipata. Mwimbaji wa Byrd hakuwa na msaada huo. Kila sauti ilikuwa na kijitabu chake, ndani mna mstari wake peke yake, bila hata vile vistari vya wima vinavyogawa mapigo. Alihesabu kimya chake mwenyewe, na cha kumwongoza kilikuwa masikio yake tu. Muziki ulioandikwa kwa watu wanne wanaosikilizana kwa makini namna hiyo lazima umpe kila mmoja kitu cha maana cha kuimba, na aliyekaa pembeni ni kama ameketi kwenye mazungumzo ya wenyeji. Afanye kama wao: ashike sauti moja, alto kwa mfano, aifuate mpaka mwisho, azisikie nyingine zikija na kuondoka kando yake.

Sehemu ya kufanyia zoezi hilo ni Mwanakondoo, ya mwisho katika Misa. Ombi la kwanza linaimbwa na sauti mbili za juu tu. La pili, sauti tatu. La tatu, zote nne, na hapo, kwenye maneno ya kuomba amani, Byrd anafanya jambo ambalo kila anayesoma solfa anaweza kulijaribu. Besi waimbe *do*. Alto, ambao walipaswa kuwa juu yao kwenye *mi*, wachelewe, wang'ang'anie *fa* ya chodi iliyopita. Kuna msuguano, sikio linaumia kidogo. Kisha alto wanateremka kwenye *mi*, na kifua kinafunguka.

Mtunzi wa kawaida angeutumia msuguano huo mara moja, karibu na tamati. Byrd anaufululiza. Sauti moja ikiteremka na kutulia, nyingine imeshaanza kung'ang'ania. Amani inaombwa, inakaribia, inasogea mbele tena. Wapo wanaosikia humo kilio cha Wakatoliki wa Uingereza, na kwa mahali ilipoandikwa Misa hii ni vigumu kuwabishia. Mwishowe sauti zote zinatua pamoja kwenye chodi ya furaha, baada ya dakika nyingi za huzuni.

Ukumbini watu hupiga makofi hapo. Kwenye nyumba za Essex, baada ya chodi hiyo ilifuata komunyo.